Mtani wa Kapteni Alex

Usiku ule umeme ulikatika Kiwengwa nzima isipokuwa mahotelini, ambako majenereta hayalali. Tulikuwa barazani watu sita au saba, tumebanana juu ya simu moja iliyobaki na chaji. Kijana mmoja alikuwa amepakua filamu ya Uganda, Who Killed Captain Alex?, na humo ndani watu walikuwa wanakufa kwa mafungu. Helikopta inamwaga mabomu juu ya Kampala, majumba yanaporomoka kwa moto wa kompyuta ambao hata mtoto anaona si moto, na sauti ya mtu asiyeonekana inapiga kelele juu ya yote hayo kama mtangazaji wa mpira timu yake imepata penalti. Vijana walicheka mpaka wakashikana mabega.

Ami hakucheka. Ami si ami yangu wa damu, ndivyo tunavyomwita sote mtaani. Alikwenda Uganda na jeshi mwaka 1979, akarudi na mguu mmoja mzito na maneno machache. Aliitazama filamu yote, mikono juu ya bakora, kimya kama mtu anayesikiliza hotuba ya Ijumaa. Ilipokwisha aliuliza jambo moja tu.

"Sasa huyo Alex kauliwa na nani?"

"Hawasemi, Ami."

"Hawasemi vipi? Si ndiyo jina la sinema?"

"Ndiyo, lakini hawasemi."

Akatikisa kichwa. "Na nyie mnacheka."

Hakulisema kwa hasira. Lakini baraza ilipoa, na mimi nilikwenda kulala na ile "na nyie mnacheka" kichwani. Tangu hapo nimeitazama filamu mara tatu nyingine, pamoja na kazi nyingine za mtu aliyeitengeneza, nikitafuta jibu la kumpa mzee. Je, ni halali kucheka watu wanapokufa? Na kama ni halali, ni halali kwa nani?

Kwa wasioijua, filamu hiyo imetengenezwa na Isaac Nabwana, anayejitambulisha kama Nabwana I.G.G., katika mtaa wa Wakaliga, Kampala. Ilitoka mwaka 2010. Nabwana alizaliwa 1973, Idi Amin akiwa madarakani, na kabla ya kushika kamera alikuwa akifyatua matofali. Utotoni sinema hakuziona, alisimuliwa. Kaka zake walikuwa wakienda kutazama, wanarudi nyumbani wanamhadithia nani kampiga nani na gari limepinduka vipi, naye anaitengeneza picha yake mwenyewe kichwani. Ukilijua hilo unaanza kuelewa kwa nini filamu zake zina kelele kiasi kile. Huyu mtu sinema aliijua kwa masikio kabla ya macho.

Mwaka 2005 alianzisha kampuni, Ramon Film Productions, jina alilolitoa kwa bibi zake wawili. Kompyuta aliziunga mwenyewe kwa vipuri chakavu. Gharama ya filamu hii, kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, haikufika dola 200. Bunduki zilichomelewa kwa vyuma vya taka na fundi wa hapo hapo mtaani, Dauda Bisaso. Waigizaji ni majirani. Hakuna mshahara, DVD zikitoka, wao wenyewe wanazitembeza nyumba kwa nyumba, pengine wakiwa na mavazi yao ya sinema, wanagawana kinachopatikana kabla wezi wa nakala hawajawatangulia.

Hadithi yenyewe haina mambo mengi. Kapteni Alex wa jeshi la Uganda anatumwa kulivunja genge liitwalo Tiger Mafia. Ndugu wa bosi wa genge anakamatwa, bosi, Richard, anaapa kulipiza kisasi. Anatuma watu wakamlete Alex, wanamkuta keshakufa. Sisi watazamaji hatukuonyeshwa aliyemuua. Anakuja ndugu yake Alex, Bruce U, bingwa wa kung fu, kumtafuta muuaji. Anapigana na kila anayejitokeza, jibu halipati. Vita inapanda, mji unalipuliwa, jeshi linamkamata Richard, mwisho.

Kuna watu wanasema mwongozaji alisahau. Mimi sidhani mtu anaweza kusahau swali aliloliweka kwenye jalada la filamu yake. Na hata kama alisahau, nchi aliyokulia haikosi majina ya watu waliotoka nyumbani asubuhi wakakutwa maiti, au wasikutwe kabisa, na ndugu zao wakazunguka kuuliza kama Bruce U anavyozunguka, wakaambulia vumbi.

Sasa ile sauti inayopiga kelele. Ni ya VJ Emmie. Uganda, kibanda cha video kina VJ wake, mtu anayekaa na kipaza sauti, anatafsiri, anafafanua, anatania, anamtahadharisha mhusika asifungue mlango ule, anamsifia aliyepiga teke. Tusijifanye hatumjui mtu huyu. Sisi tulikuwa na Lufufu. Aliyekulia Tanzania enzi za mabanda ya video anamkumbuka: Derek Mukandala, aliyerekodi Kiswahili chake juu ya filamu za Kihindi, za Hong Kong na za Marekani, mpaka ukaamini kwamba Rambo ana mjomba Manzese. Kenya wana DJ Afro. Ni kazi ya pwani na bara yote hii, na bado hatujaiandikia inavyostahili, lakini hayo ni ya siku nyingine.

Kinachonishughulisha mimi ni hiki. Nabwana alizifuta faili za filamu yake ili kompyuta ipate nafasi ya kazi nyingine. Diski ilikuwa imejaa, basi, ndiyo maisha ya huko. Kilichobaki ni nakala yenye sauti ya VJ juu yake. Yaani filamu tupu, ya watu wanaokufa bila mtu wa kutania pembeni, haipo tena. Huwezi kuwapata wale wafu bila kumpata na mtani wao.

Neno hilo, mtani, nimelitumia kwa makusudi, lakini nipitie kwanza kwenye kitenzi.

Kiswahili hakiruhusu mtu kucheka hivi hivi. Kinakuuliza, unacheka vipi? Unacheka tu? Unamcheka mtu? Unacheka naye? Unachekelea? Kumcheka mtu ni kumweka chini. Kucheka naye ni kukaa pamoja. Kuchekelea ni kufurahia, na mara nyingi kinachofurahiwa ni kibaya kilichompata mwingine. Viambishi vidogo tu, lakini ndimo maadili yalimo. Ami aliposema "na nyie mnacheka", aliacha wazi, hakusema tunamcheka nani wala tunacheka na nani. Alituachia sisi tujaze.

Kionjo cha filamu kilipowekwa YouTube mwaka 2010, na baadaye filamu nzima 2015, waliitazama mamilioni, wengi wao Ulaya na Marekani. Hebu tuseme ukweli, wengi walianza kwa kuwacheka. Tazama Waafrika maskini wanavyoigiza Hollywood na bunduki za mabomba! Damu inaruka kama juisi ya ukwaju! Kicheko cha namna hiyo kinaua mara ya pili. Askari wa filamu kafa kwa risasi ya uongo, na mwigizaji wake anakufa kwa dharau ya kweli.

Hapa Kiwengwa tunalijua jambo hili bila kusoma kitabu. Kijana wa pwani anajifunza Kitaliano kwa miezi miwili, anajipa jina la mchezaji wa Juventus, anawaimbia wageni wimbo wa jambo bwana mara ya elfu moja. Wanacheka, anacheka. Ukimuuliza usiku akirudi, walicheka nawe au walikucheka, atakujibu inategemea bakshishi. Ni mzaha, lakini ndani yake mna hesabu. Anajua kwamba kicheko kina mwenyewe, na swali ni nani amekilipia.

Henri Bergson, yule Mfaransa aliyeandika kitabu kizima juu ya kicheko mwaka 1900, alidai kwamba ili ucheke lazima moyo wako ulale ganzi kidogo. Ukimhurumia anayeteleza kwenye ganda la ndizi, hucheki. Kwa wale wa YouTube pengine ni kweli. Kwa kicheko kinachonihusu hapa nadhani kakosea, na ushahidi wangu hauko mbali. Uko misibani.

Msiba wetu Unguja ni wa utulivu. Maiti anaoshwa, anakafiniwa, anasaliwa, anazikwa siku ile ile ikiwezekana, kisha hitima. Anayecheka huambiwa astaghfirullah. Lakini kavuke maji uende Bara, kwenye makabila yenye utani, ukaone. Mtani anafika msibani kavaa nguo za marehemu, anatembea kwa mwendo wake, anakohoa kikohozi chake. Anaziba njia jeneza lisipite mpaka alipwe. Wengine wanaingia kaburini kabisa, wanalala, wanasema hawatoki bila shilingi kadhaa, mpe marehemu chumba kingine. Na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatiririka. Moyo wao haujalala ganzi hata kidogo. Ndipo ulipo macho kuliko siku zote.

Mara ya kwanza kuliona hilo nilishtuka, mie mtoto wa kisiwani. Nikamuuliza mwenyeji wangu, huyu mtu hana adabu? Akanishangaa. Akaniambia nitazame mikono yake. Ilikuwa na udongo mpaka viwikoni. Mtani ndiye aliyechimba kaburi. Ndiye aliyekwenda kununua sanda, ndiye aliyepasua kuni, na ndiye atakayebaki kuosha masufuria watu wakishaondoka. Utani si ruhusa ya bure. Watu wa nje wanaona maskhara wanadhani ni ufidhuli uliohalalishwa na mila, hawaoni jembe.

Nikirudi Wakaliga na jicho hilo, naona udongo mpaka viwikoni. Damu ya filamu, mwanzoni, ilikuwa damu ya ng'ombe ya kweli, mpaka mwigizaji mmoja akaugua, wakageukia rangi ya chakula iliyofungwa ndani ya kondomu. Nyumba ya Nabwana ndiyo studio. Mke wake, Harriet, yumo kazini pamoja naye. Watoto wa mtaa wanafundishwa kung fu hapo uwanjani, na ndio wanaoitwa Waka Starz. Mvua ikinyesha matope yanaingia mpaka kwenye nyaya, umeme ukiruka kompyuta inakufa na filamu iliyomo. Filamu yake nyingine, Tebaatusasula, ilipotea kwa namna hiyo. Mwaka 2015 walipoomba mchango mtandaoni wa kutengeneza toleo jingine lake, lenye Ebola ndani, waliomba dola 160 tu, wakapata zaidi ya 13,000. Ebola, nayo, si jambo lililotoka kwenye filamu za watu. Uganda imeizika mikono yake mwenyewe.

Huyu si mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara akarusha mzaha kwenye msafara wa jeneza.

Namlinganisha na Charlie Chaplin, ingawa najua Chaplin ni mlima. Mwaka 1940 alitoa The Great Dictator, akamfanya Hitler kikaragosi. Miaka mingi baadaye, katika kitabu cha maisha yake cha 1964, aliandika kwamba lau angejua ukweli wa kambi za mauaji asingeweza kuitengeneza. Ni maneno ya mtu muungwana. Lakini yanaonyesha alisimama wapi: mbali, na bila kujua. Nabwana yuko kinyume. Alijua kabla ya kuanza. Mtoto aliyezaliwa 1973 Kampala hahitaji kuambiwa baadaye.

Hapo ningeweza kumrudia Ami na jibu langu nikalala vizuri. Lakini haliishi kirahisi hivyo.

Mtani wa msibani anaruhusiwa na wafiwa. Kabila lake na kabila lao walikubaliana zamani, na akizidisha yupo wa kumkemea. Nani alimruhusu Nabwana? Tarehe 11 Julai 2010, mwaka ule ule wa filamu, mabomu ya kweli yalilipuka Kampala watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, kwenye mgahawa wa Kihabeshi na kwenye uwanja wa raga wa Kyadondo. Walikufa zaidi ya watu 70. Filamu ilitengenezwa kabla, hilo haliwezi kuwa kosa lake. Lakini leo ukiitazama helikopta ya Richard ikilipua mji, na VJ akishangilia, yupo mtu Kampala ambaye mtoto wake alikuwa Kyadondo. Yeye hakuulizwa. Wala hakuulizwa mtu wa kaskazini ya Uganda, Gulu au Kitgum, ambako kwa miaka ishirini kijana mwenye bunduki msituni hakuwa kichekesho kwa yeyote. Wakaliga iko kusini. Udongo ulio mikononi mwa Nabwana ni wa Kampala, na sina hakika kama unatosha kwa makaburi ya Acholi.

Na jambo jingine. Katika Captain Alex jeshi la serikali ndilo lenye mashujaa. Genge ndilo baya. Mtani hodari humtania na mwenye nyumba; huyu kapita pembeni ya mwenye nyumba kwa adabu sana. Unaweza kusema anaishi huko, hebu mwache. Nakubali. Lakini nikikubali hivyo lazima niseme pia kwamba kichekesho chake kina mlango mmoja ambao hakuufungua.

Nisiendelee kumtetea kwa sababu ya umaskini wa vifaa. Ipo namna ya kusifia filamu za maskini ambayo ni kumcheka mtu kwa upole. Captain Alex, kama filamu, ina sehemu zinazochosha. Mazungumzo ya maofisi yanaburuta miguu, wanawake ni wachache na hawana la kufanya, na bila VJ nadhani dakika kumi za katikati ningezilala. Alijifunza baadaye. Bad Black, iliyotoka 2016, ina mwanamke katikati, msichana wa vibanda aliyekua akawa mwizi mwenye deni la kulipiza. Pembeni yake kuna daktari Mmarekani aliyeibiwa, ambaye anafundishwa ukomandoo na mtoto mdogo wa mtaani anayeitwa Wesley Snipes. Daktari anachezwa na Alan Hofmanis, Mmarekani wa kweli aliyeona kionjo cha Captain Alex kwenye simu ya rafiki yake New York, akapanda ndege mwaka 2011 kwenda kumtafuta mtengenezaji, na hatimaye akahamia Wakaliga.

Huyo Hofmanis ananisaidia. Alianza kama wale wa YouTube, mtu wa mbali anayecheka mbele ya kioo. Kisha akaja. Akawa wa kupigwa, wa kukimbizwa matopeni, mzungu wa kuchekwa na mtoto wa miaka kumi. Alilipa. Bad Black ilipoonyeshwa Fantastic Fest kule Austin, Texas, mwaka 2016, watazamaji waliipenda sana, na safari hii walikuwa wanamcheka mwenzao. Utani wenye afya lazima uende na urudi. Ukienda upande mmoja tu huo ni uonevu, uite jina lolote.

Lakini filamu ya Nabwana iliyonigusa kuliko zote ni Crazy World, iliyofika tamasha la Toronto mwaka 2019. Genge linateka watoto kwa ajili ya kafara. Nilisita kuifungua. Uganda watoto wameuawa kwa kafara kweli, na serikali ilibidi iunde kikosi maalumu kwa ajili hiyo. Na sisi Tanzania tusijitoe; tuna ndugu zetu wenye ualbino waliokatwa viungo kwa imani hizo hizo, wengi wao watoto. Ukiniambia nitengeneze kichekesho juu ya hilo nitakuuliza kama una akili timamu.

Basi genge la Crazy World linakosea. Katika watoto wanaowateka mna Waka Starz, wale wa kung fu, na watoto wanaanza kuwapiga wakubwa. Kicheko kinahama. Mwanzoni ulikuwa unajishika kifua, sasa unacheka, na unachekea upande wa mtoto. Hakuna aliyekucheka wewe mama uliyepoteza mwana. Aliyechekwa ni mchinjaji, na anayemcheka ni yule aliyekusudiwa kuchinjwa. Watoto wanaoigiza ni watoto wa Wakaliga, ndio ambao mama zao huwaita ndani magharibi ikiingia kwa hofu hiyo hiyo. Kama kuna wenye haki ya kucheka jambo hilo duniani, ni hao tu. Mimi nimekaribishwa kutazama.

Nilijaribu kuyapima haya kwa kidonda chetu, maana ni rahisi kufalsafa juu ya msiba wa jirani. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama kaskazini mwa kisiwa hiki, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilibeba watu wengi mno. Maiti zaidi ya 200 zilitolewa majini, na wengi zaidi hawakuonekana tena. Wavuvi wa Nungwi walitoka na vyombo vyao kuokoa. Maiti walipangwa viwanja vya Maisara ili watu wawatambue. Hakuna nyumba ya Unguja au Pemba isiyomjua mtu. Je, ningevumilia kichekesho juu ya meli ile? Akija mtu na kamera kutoka mbali, hata kutoka Dar es Salaam, nadhani ningezima. Kama angekuja na nia njema ningezima kwa adabu.

Lakini nimewahi kusikia utani mmoja juu ya usiku ule. Mmoja tu. Aliyeusema ni mvuvi, alitoka alfajiri ile na chombo chake akarudi na watu, wengine hai, wengine la. Tulikuwa tunaparua samaki, mazungumzo ya kawaida, akautupia. Nilicheka kabla sijajizuia, naye akacheka, kisha akaendelea kuparua. Sitauandika hapa. Si kwa sababu ni mchafu, haukuwa mchafu hata kidogo. Nikiuandika mimi utakuwa kitu kingine, kwa sababu mimi usiku ule nilikuwa nimelala.

Sijui kama hiyo ni hoja au ni aibu tu. Wenye kujua falsafa watasema neno halibadiliki kwa kubadili mdomo. Msibani linabadilika.

Wiki mbili baadaye Ami aliniita. Alikuwa peke yake barazani, mchana, maji yamekupwa, wanawake wako mbali kwenye mwani. Akaniambia niifungue tena ile sinema ya Uganda. Nikaifungua. Tukatazama. Ilipofika mahali askari wa Alex wanajipanga, akanishika mkono nisimamishe.

"Rudisha nyuma. Hapo. Tazama viatu vyao."

Nikatazama. Kila mmoja kavaa alichopata.

Ami akaanza kucheka. Alianza taratibu, kwa pua, kisha akacheka kweli, mabega yanatikisika, bakora ikaanguka. Aliniambia, huku anafuta macho, kwamba kuna siku walikuwa njiani kuelekea Kampala, na mwenzao mmoja buti zake zilikufa kabisa, akaokota kiatu kimoja cha kike na kimoja cha shule, akatembea navyo siku tatu, na kila wakipumzika anawauliza leo niende shule au niende harusini. Alimtaja jina. Alicheka tena. Kisha akanyamaza kwa muda mrefu, na sikuuliza kilichompata yule bwana wa viatu, kwa sababu nilikwisha kuelewa hakurudi.

"Na huyu anayepiga kelele," akasema, akiielekeza simu kwa kidevu. "Ni wa huko huko?"

"Huko huko, Ami. Hata mtengenezaji anakaa pale pale."

"Haya."

Tukaiendeleza mpaka mwisho. Hakuuliza tena nani kamuua Alex. Aliuliza kama kanda yake inauzwa Darajani, nikamwambia siku hizi iko bure kwenye simu, huhitaji kununua.

"Bure?" akasema. Hakuonekana kufurahi. "Na wao wanakula nini?"